Mama Mkwe Yuko Bafuni

Kijiwe chetu cha Ng'ambo, hapa Tabora, kina benchi moja la mninga na watu wanaojua kila kitu, Mungu atusamehe. Jana jioni Ambrosi kaja mbio, hata kahawa anainywa kasimama. Mama mkwe wake kafika kutoka Usinge, na kwetu Wanyamwezi mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Mama akienda kuoga, mwanaume anahama nyumba. Ndio kahamia kijiweni. Sasa kumbe kuna ile hita mpya ya maji ya moto, aliyoifunga mwenyewe bafuni kwa maelekezo ya mzee Shaban. Mzee huyo tunamwita Injinia kwa sababu zamani alibeba mizigo stesheni.

— Injinia, ile hita inanguruma tangu mchana. Na mama kaingia kuoga.

— Inanguruma maana inapiga kazi. Wewe ukibeba gunia huguni?

— Si ulisema ile valvu ya usalama niizibe?

— Ilikuwa inadondosha maji! Tabora hii tulikokesha na ndoo bombani, uache maji yadondoke hivihivi? Umeziba na nini?

— Kigingi, nikazungushia mpira wa baiskeli.

— Safi kabisa.

— Na kile kidude cha kukata umeme maji yakichemka, ukasema nikitoe.

— Kilikuwa kinakunyima maji ya moto kwenye nyumba yako mwenyewe. Dharau hiyo!

Nurdini muuza kahawa, tunayemwita Profesa, akatua dele lake la kahawa.

— Msimtishe mtoto wa watu. Maji haya yanatoka Ziwa Victoria. Yametembea mpaka hapa, yamechoka. Yatapasua nini?

— Halafu chuma kina adabu, — Injinia akadakia. — Hakiwezi kupasuka mbele ya mkwe.

Tukacheka. Ambrosi machozi yalikuwa yanamlengalenga.

— Jamani, ni mama wa mke wangu Dafrosa yule! Dafrosa mwenyewe yuko kwaya. Na swichi iko humohumo bafuni. Nitaingiaje?

Hapo akapita Kuluthumu, mshona nguo aliyehamia mtaani juzijuzi, kununua kashata.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akasikiliza kidogo, akauliza:

— Sasa huo mvuke, mkishauziba njia, utatokea wapi?

Injinia akachungulia kikombe chake. Profesa akaanza kusuuza vikombe visafi. Mimi, ambaye siku zote nina neno, nikainama kufunga kamba za kiatu.

Ambrosi akatupa kikombe, akatimua mbio, sisi nyuma yake, na Injinia nyuma yetu sote. Tukamkuta kajifunika uso kwa shati, tumbo wazi, anagonga mlango wa bafu huku bati la juu linatikisika.

— Mama! Toka upesi! Acha hata sabuni, toka!

Mama mkwe akajibu kutoka ndani, kwa upole na aibu nyingi:

— Nitatokaje, baba, nawe umesimama mlangoni?