Donat Kapya, Aliyetilia Shaka Mafunzo Yake Mwenyewe

Bwana Donat Kapya anastaafu tarehe 31 Oktoba 1962, baada ya kuitumikia kampuni yetu, Maison Terwagne, hapa Elisabethville kwa miaka thelathini na moja. Tangazo la kwanza lilisema Desemba. La pili likasema Oktoba, kwa sababu za afya. Jumatatu iliyopita alipanda ngazi za ghala akiwa amebeba mashine ya kuandikia, wala hakuhema.

Alianza kwa kupokea samaki wakavu kutoka Kasenga. Katika kazi hiyo, asema, alijifunza kwamba gunia lililofungwa vizuri kupita kiasi lazima lifunguliwe. Tabia hiyo haikumwacha. Baiskeli yake ina kufuli mbili, na huzifunga zote hata baiskeli ikiwa ndani ya ofisi, nyuma ya kiti chake. Chai iliyomiminwa yeye hayupo hainywi. Huimwaga kwenye maua ya Bi Madeleine wa mapokezi. Maua hayo, tukubali, yamestawi.

Mwaka 1953 alikabidhiwa kufundisha makarani mambo ya fedha. Kampuni yetu tunaiita nyumba, kama Wafaransa wasemavyo maison, na anayemaliza mafunzo hayo huitwa mtoto wa nyumba. Ni sifa.

Iliaminika kwamba cheti cha mafunzo hufungua mlango wa shule ya juu ya biashara. Wakubwa walisema hivyo kila mwaka. Kapya hakusema. Aliona kwamba waliochaguliwa kusoma kwake ni walewale hodari ambao shule ingewachukua hata bila yeye. Aliona pia kwamba wengi, wakishapata cheti, walipandishwa cheo upesi na hawakuiomba shule tena. Alishuku kwamba hilo ndilo lililokusudiwa.

Agosti mwaka huu Albertine Ngosa, mpiga chapa wetu na mwanamke wa kwanza kumaliza mafunzo, aliomba nafasi shuleni. Mwakani angekuwa amepita umri unaokubaliwa. Kapya alimshauri aache cheti nyumbani: “Hii karatasi iko ya kusaidia nyumba, haiko ya kukusaidia weye.” Albertine akaenda nacho. Nani angekiacha?

Walimu walipomuuliza yeye ni nani, alijibu kwa fahari kwamba ni mtoto wa nyumba. Katika mji ambao siku hizi za vita kila kizuizi cha barabarani kinakuuliza wewe ni mtu wa nani, neno hilo lilianguka vibaya. Wakauliza: nyumba gani, na nani amekutuma? Ombi lake likawekwa kando.

Asubuhi iliyofuata Kapya alikwenda shuleni kwa baiskeli. Bwana Lucien, mkurugenzi wetu, alikwenda kwa gari kutetea cheti. Albertine aliketi kwenye benchi mlangoni, na ndiye aliyetusimulia. Kapya aliwaambia walimu, mkurugenzi akisikia, kwamba mafunzo yale yalitungwa kwa faida ya kampuni, cheti kinaonyesha tu kwamba binti huyu anaifaa kampuni, hakuna aliyemtuma, wampe mtihani kama mtu yeyote aliyetoka barabarani. Wakakubali. Alipotoka alimwambia: “Sasa hauko tena mutoto ya nyumba. Ingia, mama, uandike.”

Wiki iliyofuata lilitoka lile tangazo la pili, la sababu za afya.

Albertine alishinda mtihani na ameanza masomo. Je, mafunzo yalimsaidia? Mwenyewe anasema hesabu alizifahamu tangu shule ya masista. Kisha anasema bila Baba Donat asingethubutu kuomba. Tumeombwa na ofisi ya juu tuandike katika jarida hili kwamba ameingia kwa sababu ya mafunzo. Kapya ametuomba tusiandike hivyo. Tunaandika kwamba ameingia.

Baba Donat, unakwenda Lukafu kulima, nasi tunabaki na darasa lako bila wewe. Asante kwa kutufundisha, na kwa kutukataza kuyaamini yote uliyotufundisha. Ukae na afya hiyo tunayoiona kwa macho yetu, na mvua ikufikie kwa wakati.