Mlango wa Hasifa Haulii Tena

Mlisikia mlango wa teksi ya Hasifa ukilia, mkageuza nyuso, mkapanda magari ya wanaume. Yeye hajasahau. Leo anaendesha teksi yake kutoka Bwera kwenda Kasese, mlango kimya, kidevu juu.

"Mama, uliweka mawese?" akauliza abiria wake Fidèle, mfanyabiashara wa Butembo, Kongo. "Kwetu tunapakaa mawese ku raba ya mulango."

"Ndiyo maana ya kwenu inalia, papa! Mafuta inakula raba, inakamata vumbi. Mimi niliosha na sabuni, ikakauka, nikapaka poda ya mutoto. Girisi ni ya bawaba tu."

"Poda! Sasa gari iko mutoto?"

"Eeh, na nimeilaza mwenyewe."

Walipofika Kasese, Fidèle aliufungua na kuufunga mlango, akiutafuta mlio. Aliukosa. "Mawese iko muzuri tu," akang'ang'ania.

Nanyi mliogeuza nyuso, Hasifa yuko steji. Pandeni sasa hivi!