Mashine ya Nyasani na Sanduku la Vifaa Vyake

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele za jikoni kidogo. Leo namkumbuka Nyasani wa Kebirigo. Amefariki akiwa na miaka sitini na mmoja, na tulimzika Ijumaa. Narudia kwa aliyechelewa: ni Nyasani wa Kebirigo, fundi aliyekusanya mashine kuukuu za kufyonza vumbi na kuzifufua.

Alikuwa rafiki yangu. Pia nilimwonea wivu kwa miaka mingi. Sitawadanganya redioni.

Mimi nami nakusanya. Ninazo sita. Yeye alikuwa nazo ishirini na tatu, na zote zilinguruma. Alisuka mota upya kwa mkono, waya kwa waya. Mifuko ya vumbi aliishona mwenyewe kwa kitambaa cha magodoro. Zangu zinazofanya kazi ni mbili, na moja hutoa moshi.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa na sakafu ya udongo. Dada yake Loice alimcheka mbele ya watu. "Kaka, ukifyonza hapa si utafika kwenye msingi?"  Nyasani alikwenda soko la Daraja Mbili akanunua zulia la mtumba, akalitandika uani, akavuta waya wa umeme kupitia dirishani. Jumapili baada ya kanisa akalimwagia majivu. Majirani walikuja kutazama majivu yakipotea. Mimi nilisimama nyuma, nimekunja mikono.

Basi, Jagdish, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, alikuwa na mashine ya kijani ya mama yake, ya mwaka 1958. Miaka kumi na minne iliyopita alifunga duka. Mimi na Nyasani tulifika mlangoni asubuhi ile ile, kila mmoja akiitaka. Jagdish hakutaka kumuudhi yeyote. Akampa Nyasani mashine. Mimi akanipa sanduku la vifaa vya mashine hiyo: brashi, midomo mitatu ya kufyonzea na fimbo ya bati ya kufikia juu.

"Sasa mtalazimika kutembeleana," alisema.

Hatukutembeleana. Nyasani ndiye aliyekuja kwangu, mara tatu, kuniomba vile vifaa. Mara ya tatu alibeba mashine mbili nzima, nichague moja tubadilishane. Nilimwambia sanduku limepotea. Lilikuwa chini ya kitanda changu. Sikutaka mashine ile ikamilike mikononi mwake. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Akachonga vifaa vyake kwa mti wa mgrevilea. Brashi akaifunga kwa manyoya ya mkia wa ng'ombe. Watu walitoka mbali, hata Nyaramba, kuja kuiona ikifanya kazi. Niliposikia, chakula kilinishinda.

Jumatano, siku mbili kabla ya mazishi, nilibeba sanduku hadi Kebirigo. Nilitaka azikwe mashine yake ikiwa kamili. Mjane wake, Persis, alilifungua. Akaijaribu brashi kwenye mpira wa mashine. Haikuingia. Akajaribu mdomo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikamnyang'anya, nikasukuma kwa nguvu.

"Acha, shemeji, utaupasua," aliniambia. "Alikata shingo ya zamani ya mpira akatia nyingine, ilingane na vifaa alivyovichonga. Alisema hivi vyako havitakuja."

Kisha akanimiminia chai. Nikainywa.

Ijumaa, kaburini, niliutazama umati ule nikajiuliza wangapi watakuja kunizika mimi. Mnaona? Hata siku hiyo.

Persis, Loice na jamaa wote wa Kebirigo, poleni sana. Mmempoteza fundi, nami nimempoteza mtu niliyemnyima. Mungu awape nguvu.

Nawe unayenisikiliza, labda kuna kitu umemfichia mwenzako, kwa sababu tu angekitumia vizuri kuliko wewe. Usingoje matanga. Mpelekee leo, kikiwa bado kinaingia.