Balthasar Surbeck na Paa Lenye Pengo

Mchungaji, ndugu, majirani, na nyote mliopanda ngazi za kanisa hili katika asubuhi hii ya baridi, familia imemtuma huyu anayesimama mbele yenu, Konrad Bolli, ndugu wa mjane Elsbeth na shemeji wa marehemu, awasomee maisha ya Balthasar Surbeck, ambaye wengi wenu mlimwita Balz, na kwa kuwa shemeji huyo ni mwoka mikate na si mzoefu wa maneno makubwa, anaomba mmvumilie ulimi ukiteleza.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1940 hapa Schaffhausen, mtoto wa pili wa mzee Emil Surbeck, fundi wa kalibu za kumiminia chuma kiwandani, na Bi. Lina, mshona nguo. Tarehe 1 Aprili 1944, ndege za vita zilipouangushia mji wetu mabomu kwa makosa, nyumba ya bibi yake mzaa baba iliteketea, bibi mwenyewe akiwa ndani, na Balz, aliyekuwa na miaka mitatu na ushei, hakukumbuka lolote la siku ile isipokuwa harufu, lakini kiwanja kilichobaki wazi kati ya nyumba mbili za kale alikipita kila siku akienda shule, na alipofika miaka tisa alimwambia mama yake kwamba iko siku atakijaza yeye.

Alianza shule ya msingi Aprili 1947, akamaliza sekondari ya jimbo mwaka 1960, akasomea usanifu wa majengo Zurich hadi mwaka 1966, kisha akafanya kazi Milano kwa miaka miwili, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alijifunza kwamba nyumba nayo inaruhusiwa kucheka. Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Elsbeth Bolli, mwalimu wa ushonaji, wakajaliwa Regula mwaka 1971 na Matthis mwaka 1974. Elsbeth aliolewa akiwa bado hana haki ya kupiga kura, kama wanawake wote wa mji huu hadi mwaka 1971, na pengine ndiyo sababu alijifunza mapema kuitumia vizuri kila karatasi ambayo sheria ilimruhusu kutia sahihi, jambo ambalo mumewe alikuja kulijua kwa gharama.

Ofisi yake aliifungua tarehe 3 Mei 1971, na jengo lake la kwanza, ofisi za bima katika mji ambao hatutautaja, lilikuwa sanduku la zege lililopachikwa katikati ya nyumba za miaka mia nne, akalijutia hata kila alipopita hapo alizivulia kofia zile nyumba jirani, kuziomba radhi. Tangu hapo akawa mmoja wa wasanifu waliochoka na masanduku, wakarudisha matao, nguzo, rangi na utani, bila kujifanya kwamba kipya ni cha kale. Wanafunzi wake wanakumbuka alivyowaambia, “Nyumba mpya kwenye mji mkongwe ni kama mkwe, aje na nguo zake mwenyewe, ila salamu asisahau.” Ukumbi wa muziki wa Regensburg, uliofunguliwa mwaka 1986, na shule ya ufundi ya Bergamo, ya mwaka 1995, ni wakwe wa namna hiyo, wanapendwa hadi leo.

Lakini kazi aliyoingoja maisha yake yote ilikuja mwaka 1989, mji ulipoamua kujenga maktaba kwenye kiwanja cha bibi yake, ramani yake ikashinda shindano la wasanifu, na kilele cha paa alichokichora, kirefu na kikali, kilikuwa ndoto yake ya tangu utotoni. Kama ilivyo kawaida yetu, milingoti ilisimamishwa na waya zikavutwa juu yake, ili kila jirani aone jengo litafika wapi, na mwenye neno aliandike ndani ya siku ishirini. Marehemu na mkewe waliishi ng'ambo ya barabara, katika nyumba ambayo Elsbeth aliirithi kwa mama yetu mwaka 1981, na chumba cha chini kilikuwa na mpangaji, Bi. Hedwig Leu, mzee wa miguu mibovu, ambaye dirisha lake ndilo lilikuwa dunia yake. Elsbeth alikaa kwenye kiti cha mzee huyo, akautazama ule waya, akaona kwamba kuanzia Novemba hadi Februari Bi. Leu hataliona jua tena, na siku ya kumi na tisa, akiwa mwenye nyumba, aliwasilisha pingamizi rasmi dhidi ya jengo la mumewe.

Balz alimjibu kwa barua ya rejista, iliyoanza “Bibi Mheshimiwa,” na tarishi alipoileta alifunguliwa mlango na mwandishi wa barua mwenyewe, akiwa na ndala miguuni. Mezani, shemeji huyu anayewasomea akiwa shahidi, walisemezana hivi: “Nipe chumvi, Beth, au na chumvi nayo unaipinga?” “Chumvi sina neno nayo, Balz, neno langu ni lile paa.” Tulicheka, ila nyumba ile haikuwa na raha, maana kwa wiki tatu Balz hakusema zaidi ya hayo, na sisi ndugu tuliogopa kwamba kitakachovunjika si paa tu. Jumapili moja akashuka mwenyewe kwa Bi. Leu, akaketi kwenye kile kiti tangu mchana hadi jua lilipozama, akiichora njia yake kwa kipande cha sabuni kwenye kioo cha dirisha, na kesho yake akakikata kilele cha paa lake, akaacha pengo pana mahali jua linapopita.

Kisheria Elsbeth alipaswa sasa kutia sahihi karatasi ya kuondoa pingamizi, akakataa katakata hadi alione jua kwa macho yake, ofisi ya ujenzi ya mji ikaipitisha ramani mpya bila sahihi yake, maktaba ikafunguliwa tarehe 5 Septemba 1992, jua likapita, na karatasi ikabaki kwenye droo ya vijiko, kwanza kwa kusahaulika, baadaye kwa utani, kwani kila Balz alipojivuna aliambiwa, “Taratibu, mzee, pingamizi langu bado liko hai.” Majarida ya nchi tatu yaliandika kwamba lile pengo ni jeraha la mabomu, naye alitikisa kichwa kukubali, na alipoulizwa nyumbani alisema, “Labda nalo limo.” Bi. Leu alifariki mwaka 1998, hakuwahi kukosa jua hata msimu mmoja.

Mwaka 2018 marehemu alipatwa na ugonjwa wa kutetemeka, na ilituuma kuona mkono uliochora mistari ile ukishindwa kushika kijiko. Desemba iliyopita ngazi zilimshinda, kitanda chake kikawekwa chini, katika chumba kilichokuwa cha Bi. Leu, kando ya dirisha, na alasiri ya kwanza jua lilipopenya kwenye pengo na kutambaa juu ya blanketi lake, alisema, “Ulikuwa sahihi, Beth, ila usimwambie mtu.” Leo tunawaambia bila idhini yake. Alifariki Jumanne tarehe 20 Februari 2024, saa tisa na dakika kumi alasiri, mkono wake ukiwa juani na mkewe akiwa ameushika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomjia nyumbani hata barabara zilipojaa theluji, majirani walioleta supu na kuondoka bila kelele, wafanyakazi wenzake wa ofisini, na wahudumu wa maktaba waliofunga mapema siku aliyofariki bila kuombwa.

Jioni hiyohiyo Elsbeth alifungua droo ya vijiko, akaitoa ile karatasi iliyogeuka rangi, akaandika tarehe, akatia sahihi, na sasa imo kwenye mfuko wa ndani wa koti la marehemu, pamoja na penseli yake. Balz, shemeji yangu, pingamizi limeondolewa, pumzika kwa amani.