Jogoo wa Kuazima

WIFI: Haloo? Nani huyo? Miwani nimeiacha ndani, jina silioni.

FUNDI: Mimi, wifi. Fundi cherehani wako.

WIFI: Ooh, dada wa mume wangu! Za huko? Sare za shule umemaliza?

FUNDI: Bado marinda. Wifi, hivi—

WIFI: Na kuku? Maana mwezi wa pili huu tangu uanze, na wewe sasa mfugaji!

FUNDI: Wapo. Wifi… jogoo wako hajambo?

WIFI: Nani?

FUNDI: Jogoo. Tangu nilipokurudishia Jumamosi. Anakula?

WIFI: [anacheka] Mimi mgongo unaniuma wiki nzima hujaniuliza, unamjulia hali jogoo! Hajambo. Kanenepa huko kwako kama bwana harusi.

FUNDI: Umemweka peke yake?

WIFI: Peke yake ana nini? Yuko bandani na wenzake, na yule kuku mwenye vifaranga kumi na mmoja.

[mtandao unakwaruza]

WIFI: Haloo? Upo?

FUNDI: Nipo.

WIFI: Na yule wa madoadoa niliyekupa, bado anatagia kwenye kapu lako la vitambaa?

FUNDI: Alikuwa anatagia.

WIFI: Eeh, huyo ana madaha, anataka— Alikuwa? Wifi. Alikuwa?

FUNDI: Jana asubuhi nilimkuta shingo imepinda, kichwa kimegeukia mgongoni. Nikadhani kalala vibaya.

WIFI: Kinyesi?

FUNDI: Kijani.

WIFI: Wangapi?

FUNDI: Yeye na mwenzake jana. Leo mmoja. Waliobaki wamejikunyata tu, mabawa chini.

WIFI: Kideri hicho, ugonjwa unaomaliza kuku banda zima. Sasa kideri kimetoka wapi tena, na wewe uli—

FUNDI: Nilinunua wawili sokoni. Jumatano ya wiki iliyopita. Nikawatia humo humo.

WIFI: Siku hiyo hiyo? Si nilikwambia kuku mgeni anatengwa wiki mbili—

FUNDI: Uliniambia.

WIFI: Haya. Ni kosa la anayeanza, mimi mwenyewe mwanzo niliwamaliza kwa ujinga wangu. Lakini chanjo ingewalinda. Tone moja jichoni, si kila mmoja alipata?

FUNDI: Hakuna aliyepata.

WIFI: Wifi, kichupa nilikuletea mwenyewe. Ndani ya chupa ya chai, na barafu. Kwa miguu, jua lile.

FUNDI: Nilikiweka juu ya meza ya cherehani. Nikasema nimalizie koti la mtu kwanza. Akaja mteja mwingine, mara mwingine… Kukumbuka ni alasiri. Barafu yote maji, kichupa kina joto, chanjo imeharibika. Nikakimwaga.

WIFI: Nilikuuliza.

FUNDI: Uliniuliza.

WIFI: Mara mbili.

FUNDI: Mara mbili. Niliona haya, wifi, na ulivyotembea vile. Nikasema wote wamepata. Mpaka nikakwambia wa madoadoa kanidonoa kidole.

WIFI: Nikacheka.

FUNDI: Ulicheka sana.

[mtandao unakwaruza, mlango wa bati unalia]

FUNDI: Haloo? Wifi? Sema chochote. Nitukane basi.

WIFI: Ngoja. Niko bandani. Wakubwa wangu wamechanjwa. Jogoo naye kachanjwa, ndiyo maana haonyeshi kitu. Lakini ugonjwa anaweza kuubeba akauleta. Vifaranga ndio bado, nilipanga wiki ijayo.

FUNDI: Wakoje?

WIFI: Nimewamwagia chenga za mchele. Tisa wanakimbilia.

FUNDI: Na wawili?

WIFI: Wawili hawakimbilii.

FUNDI: Mungu wangu. Wifi, nakuja. Sasa hivi nafunga kibanda, nakuja nikusaidie ku—

WIFI: Usije!

FUNDI: Wifi, nisa—

WIFI: Si hasira. Hasira ninayo, lakini nitaishughulikia baadaye. Viatu vyako vimekanyaga banda lako. Hapa usivilete. Waliokufa umewaweka wapi?

FUNDI: Nimewafunga kwenye mfuko. Gari la taka linapita kesho—

WIFI: Toa huko! Chimba shimo, likufike mapajani, uwafukie. Waliobaki usiuze, usimpe mtu, hata mayai. Nani mwingine ana kuku mtaani kwenu?

FUNDI: Muuguzi mstaafu, hapo ng'ambo ya ukuta. Na kinyozi.

WIFI: Wanajua?

FUNDI: Kuku wa muuguzi wanachakura mpaka uani kwangu.

WIFI: Nimekuuliza wanajua?

FUNDI: Hawajui. Yule mama muuguzi, kuku ndio wanaomliwaza, wifi. Atasema mimi ndiye niliyemletea—

WIFI: Si wewe?

[mtandao unakwaruza]

FUNDI: Ni mimi.

WIFI: Basi nenda. Shimo litangoja. Nawa mikono kwa sabuni, badili viatu. Usiingie kwake, simama langoni. Awafungie wake leo, atafute mtu wa mifugo leo. Kisha kinyozi naye umwambie.

FUNDI: Navua viatu hivi. [maji yanamwagika] Nimenawa. Wifi, salio langu linakwisha, nataka tu nijue uta—

WIFI: Nina vifaranga wa kutenga. Nenda.

FUNDI: Natoka. Niko barabarani. Usikate.

WIFI: Sikati.

FUNDI: Nimefika langoni. Anapepeta nafaka. Amenipungia mkono, wifi, anatabasamu.

WIFI: Mwambie.

FUNDI: Hodi, jirani! Hapana, sikai. Siingii, nasimama hapa hapa… Wifi, unanisikia? Haloo? Wifi? …Limekwisha. Samahani, jirani, nilikuwa na simu. Kuku wako wafungie. Wangu wana ugonjwa, na kosa ni langu. Niache nikueleze lote.