Fundi Huseni na Mustang ya Majengo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Nawasalimu ninyi wa Nyeri mjini, wa Karatina, wa Nanyuki, na ninyi wa Doldol ambao najua betri za redio mmezianika juani tangu asubuhi ili mnipate vizuri. Mimi ni Wamae. Vuta kiti, ukae nami kidogo.

Leo tunamkumbuka fundi mmoja wa mji huu. Jina lake ni Huseni Abdulkadir. Wengi mlimwita Fundi Huseni wa Majengo. Alituacha mwezi wa tatu mwaka huu wa 1986, akiwa na miaka hamsini na saba. Mwezi wa tatu, na sasa tuko mwezi wa nane. Mtaniuliza, Wamae, ulikuwa umelala? Sikulala. Familia iliniomba ningoje, na sababu yake mtaisikia.

Kama hukumjua kwa jina, ulimjua kwa gari. Ile Mustang nyekundu ya mwaka 1966. Injini ya silinda nane. Usukani upande wa kushoto. Ikipanda kutoka stendi, wauza viazi waliacha kupima wakageuza shingo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomcheka. Nilisema hapa hapa redioni kwamba gari la Huseni linakunywa kuliko wazee wote wa mtaa wangu. Kesho yake akaja ofisini, akavua kofia, akaniambia kwa upole, "Wamae, hata wewe unakunywa, na hutupeleki popote." Nilistahili.

Huseni alizaliwa Majengo, Nyeri, mwaka 1929. Baba yake, mzee Abdulkadir, alikuwa mshona kanzu. Mtoto alikataa cherehani. Alipenda chuma. Akajifunza ufundi katika gereji moja mjini, miaka kumi na miwili, kwanza kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kisha kufunga breki, kisha injini. Mwaka 1957 akamwoa Bi Subira. Mungu aliwajalia binti mmoja, Mishi, ambaye leo ni mwalimu wa shule ya msingi.

Sasa gari lilitoka wapi? Lilikuja na mzungu mmoja mpima barabara. Mwaka 1970 mzungu akamaliza kazi, na gari lilikuwa limekufa, limesimama uani kwake, kuku wametaga ndani. Huseni alikuwa na pikapu nzima, inayotembea, inayompa chakula. Akaenda na ile pikapu. Akarudi akivutwa na trekta, ameketi ndani ya Mustang isiyowaka. Walibadilishana! Pikapu nzima kwa gari bovu.

Majirani walisema ule msemo wetu, usiache mbachao kwa msala upitao. Bi Subira hakusema msemo wowote. Alininong'oneza juzi, "Siku tisa sikumwambia neno. Nilikuwa naweka chakula mezani, naondoka." Siku tisa, wasikilizaji. Lakini kwa mwaka mzima Huseni alilifufua lile gari, kidogo kidogo. Spea za Marekani hapakuwa na mahali pa kuzipata. Basi alichonga. Puli ya lori hili, pampu ya gari lile, springi za kabureta alizokunja mwenyewe kwa koleo. Mwishowe likawaka. Nimesikia injini nyingi. Ile ilikuwa inanguruma taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba.

Hapo ndipo Bi Subira alipopata kazi. Gari la usukani wa kushoto katika barabara zetu lina tabu moja. Dereva akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Anayeona ni yule aliyekaa kulia. Kwa hiyo Bi Subira alikaa kulia, miaka kumi na mitano, akawa macho ya mumewe. Akisema "bado," Huseni anangoja. Akisema "haya," Huseni anapita. Hawakuwahi kugusa gari la mtu. Na siku moja walipokosana Sagana, sijui kwa jambo gani, mama alinyamaza. Huseni akafuata lori la kabichi mpaka Karatina, mlima wote, moshi wote, na injini ya silinda nane chini ya mguu wake. Alipofika aliomba msamaha. Alikuwa hajui kosa lake ni lipi, lakini aliomba.

Mwaka 1972 kulikuwa na magari saba ya namna hii kuzunguka Mlima Kenya. Makubwa, ya zamani, yenye nguvu. Wenyewe walikutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, wakaenda pamoja hadi Nanyuki kunywa chai na kurudi. Huseni aliwawekea sheria moja. Gari dhaifu hutangulia, zima hufuata nyuma. Hakuna kumwacha mtu.

Kisha mafuta yakapanda bei, ile miaka mnayoikumbuka. Magari saba yakawa matano. Matano yakawa matatu. Moja lilikatwa likawa mkokoteni wa punda. Injini ya lingine inasukuma msumeno wa mbao. Vijana wanataka pikapu ndogo za Japani, na siwalaumu, zinabeba maziwa na hazisumbui. Huseni aliliona hilo. Rafiki yake Nderitu, muuza mbao wa Karatina, ambaye naye ana Chevrolet ya zamani, aliniambia, "Huseni alikuwa ananiuliza kila saa, 'Sisi tukienda, hizi gari nani atazijua?' Mimi namwambia, si ufundishe watu? Anashika spana, anaendelea."

Hapa lazima niseme ukweli, maana mgala muue na haki yake umpe, na marehemu naye tumsifu bila kumdanganya. Fundi Huseni alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa injini ile. Alifunga magari ya watu wote, lakini Mustang hakuna aliyeigusa. Kila Jumamosi alifungua boneti uani kwake, chini ya dirisha la jikoni, akairekebisha kwa sikio. Hakuandika. Hakuweka alama. Nderitu akisogea, Huseni anashusha boneti.

Mwezi wa tatu kifua kikamshika. Siku nne tu. Alfajiri ya Alhamisi akafa.

Sasa sikilizeni kosa la upendo. Nderitu alipopata habari alikuja mbio kutoka Karatina na wenzake wawili. Wakristo wote watatu. Wakaamua kwamba Huseni lazima asafiri safari yake ya mwisho ndani ya Mustang. Nderitu mwenyewe anasema, "Mimi nilifikiria ni kama kwetu. Nikatoa kiti ya nyuma yote, nikapanguza, nikaweka blanketi mpya. Nikasema jeneza itaingia hivi. Kumbe hawa watu wanabeba na mabega, na wanaenda haraka! Nikabaki nimeshika spana, watu wameshapita."

Ndiyo, wasikilizaji. Ndugu zetu Waislamu humbeba maiti wao mabegani, kwa miguu, kutoka msikitini hadi makaburini, na kila mtu hupokezana. Nderitu alitupa spana, akakimbia, akaingiza bega lake. Walimpisha.

Lakini kosa lenyewe halikuwa kiti. Asubuhi ile, kwa haraka yake, Nderitu alitaka injini ilie vizuri mbele ya watu. Akalegeza kile kidude kinachogawia plagi moto, akakizungusha kidogo. Kidogo tu. Injini ikakohoa, ikapiga mshindo, ikazima. Akakirudisha, lakini wapi? Alama ya kiwandani, ile inayokaa kwenye puli, haikuwapo, maana puli ile Huseni aliitoa kwa lori. Mahali pake palikuwa kwenye sikio la Huseni, na Huseni alikuwa anazikwa.

Nderitu alilia siku ile. Anasema hakujua analia kwa ajili ya rafiki au kwa ajili ya gari.

Wiki mbili baadaye akaja Bwana Muriithi kutoka Kagio. Muriithi ana kinu cha kusaga mahindi na kukoboa mpunga. Mtu mwema, namjua. Alisikia Mustang imekufa na mwenyewe amekufa, akaitaka ile injini aifunge kwenye kinu chake. Bi Subira alikuwa ndani, katika eda. Kwa wasiojua, mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Haendi sokoni, haendi harusini, hapokei wageni wanaume, na ndiyo maana nami niliombwa ningoje. Mishi akatoka na jibu la mama yake. "Mama anasema mambo ya gari yangoje eda iishe. Siku hiyo, kama itakuwa bado imekufa, utaichukua. Chuma kilichokufa hakina haja ya kukaa uani."

Kwa hiyo Nderitu alikuwa na miezi minne. Miezi minne ya kufufua alichokiua. Kila Jumamosi alikuja kutoka Karatina. Aliizungusha huku, ikapiga mshindo. Aliizungusha kule, ikawaka, ikatetemeka, ikachemka, ikazima. Mwezi wa nne ukapita hivyo. Wa tano ukapita. Mafundi wengine walikuja na vitabu, wakaondoka na vitabu vyao.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, dirisha la jikoni likafunguka kidogo. Pazia halikusogea. Mishi akatoka mlangoni na aibu usoni. Akasema, "Mzee Nderitu, mama anasema unazungusha upande siyo."

Nderitu hafichi. Alikasirika. "Nilisema, ati nini? Mama Mishi amejua injini lini?" Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hujaribu lolote. Akazungusha upande wa pili. Mishi akapiga stata. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Bado."

Nderitu akasogeza kiasi cha unywele mmoja.

"Bado. Hapo inalalamika. Na kabureta imebanwa, inakosa pumzi."

Akafungua skrubu robo.

"Bado kidogo. Bado."

Robo saa nzima, wasikilizaji. Mwanamume wa miaka sitini ameinama ndani ya boneti, na mjane asiyeonekana anamwongoza kwa neno moja. Kisha injini ikatulia. Mtetemo ukaisha. Ikanguruma taratibu, vile tulivyoijua sote, na bati za Majengo zikaitikia. Halafu wakamsikia Bi Subira akilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nderitu hakuzima injini. Anasema aliiacha iendelee ili mama alie bila kusikiwa.

Eda ilikwisha mwisho wa mwezi wa saba. Muriithi wa Kagio alifika siku hiyo hiyo na lori lake, mtu wa ahadi. Alikuta Mustang inawaka. Bi Subira akatoka nje, akamkaribisha chai, akamwambia, "Ndugu yangu, kinu kinalisha watu, sikidharau. Lakini hii iko hai."

Kisha akamgeukia Nderitu na kusema neno lililonifanya niandae kipindi hiki. "Baba Theuri, Jumamosi ijayo ifungue yote. Kila nati. Itandaze hapa uani. Mishi akae aone, aandike, na mtu yeyote anayetaka kuona aje. Baba Mishi aliifunga, na ingalikufa naye."

Walikuja watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Muriithi, na sanduku lake la spana. Nami nilikuwapo, nimeshika kalamu, sijui jina la chuma hata kimoja. Mishi aliweka alama kwa rangi nyeupe kila mahali. Sasa iko kwenye daftari. Magari ni matatu tu, na sitawadanganya kwamba mwakani yatakuwa saba. Huenda yatakuwa mawili. Lakini lile moja, hata mimi na Nderitu tukiondoka, mtu atakayelikuta ataweza kuliwasha.

Kwa Bi Subira, kwa mwalimu Mishi, kwa jamaa wote wa mzee Abdulkadir na watu wa Majengo, poleni sana. Mungu amrehemu Fundi Huseni. Kwa niaba ya wenzangu na yangu mwenyewe, niliyemcheka, poleni.

Kabla sijaondoka uani siku ile, nilimuuliza Bi Subira swali. Nilisema, mama, miaka yote hiyo mzee anahangaika nani atalijua gari hili, na wewe ulikuwa hapo dirishani unasikia kila Jumamosi. Mbona hukumwambia kwamba unajua?

Alifikiri. Hakukasirika. Akasema, "Hakuniuliza."

Wasikilizaji wapendwa, nyumbani kwako yuko mtu. Pengine anamenya viazi sasa hivi huku redio hii inasema. Punguza sauti yangu, umuulize anajua nini.