Vijishamba vya Mama

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa viongozi wa ofisi ya ardhi, wazee wetu, akina mama mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, na wewe mpima ardhi tunayekuaga leo, ambaye watoto wetu walikupa jina la Bwana Kamba: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa kutoa shukrani kwa niaba ya wakulima. Mwenyekiti alisema nichaguliwe mimi kwa sababu nimesoma na sina maneno mengi. Nitajitahidi nisimwaibishe.

Bwana Kamba, ulikuwa mtu mwema. Hukuchukua hata kuku wa mtu. Ulitukuta kila mama ana vijishamba vilivyotawanyika: kimoja kilimani, kimoja mteremkoni, kingine bondeni kando ya kijito. Ukamwuliza mama yangu, "Mama, wewe unalima au unatembea?" Tukacheka wote, maana kweli alishinda njiani, jembe begani. Ukatuunganishia mashamba. Kila nyumba shamba moja, mipaka iliyonyooka, mawe ya saruji kwenye pembe, hati mkononi. Kura tuliziokota kwenye kofia yako, hakuna aliyeonewa. Mama akaokota kilima. Baba mdogo akaokota bonde. Siku ile walikumbatiana.

Nani kati yetu alijiuliza kwa nini bibi zetu walikubali kuchoka vile? Mvua ikizidi, bonde lilizama, kilima kikatulisha. Mvua ikikosa, kilima kilikauka, bonde likatulisha. Hakuna nyumba iliyolala njaa peke yake. Hatukukueleza, kwa sababu hatukujua kwamba ni jambo la kueleza. Nawe hukuuliza.

Kisha mvua ikakosa. Ikakosa tena.

Mama alishuka kwa baba mdogo, nami nyuma yake.

"Shemeji, niachie tuta moja tu la mboga."

Baba mdogo aliendelea kung'oa magugu. "Shemeji, zamani ningekupa, maana mwaka wa mafuriko na mimi ningepanda kwako. Sasa kila mtu na hati yake. Nikikupa wewe, kesho kilima chote kiko hapa."

Hakuwa mkatili. Alisema kweli, na mama akapanda kilima mikono mitupu. Tangu siku hiyo hawajasalimiana.

Waheshimiwa, mmesema hapa kwamba mavuno ya bondeni yameongezeka. Ni kweli. Mmesema ardhi sasa ina thamani. Inayo, ndiyo maana inauzika. Watu wa kilimani wameuza mmoja mmoja, na mnunuzi, tunayemshukuru kwa hema hili na soda hizi, amechimba kisima na kuwaajiri vibarua katika mashamba yaliyokuwa yao. Mama alitia saini juzi. Kesho asubuhi anaanza kibarua.

Bwana Kamba, kamati imeniagiza nikukabidhi zawadi. Ni jembe la mama. Si jipya, naomba radhi. Mpini umelainishwa na viganja vyake. Nilimwambia, "Mama, mtu anastaafu, jembe la nini?"

Akasema, "Yeye ana shamba kwao. Mimi jembe hili silihitaji tena. Kule kwa tajiri majembe yapo."

Lipokee, mzee wetu. Na huko kwenu, ukijaliwa nafasi, lima kidogo juu, na kidogo chini.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka mwisho.